Jezi ya Barcelona haifikishi mtalii Rumangabo

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Bunia, Lubumbashi na kwingineko,

Mwezi wa saba 2025 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na FC Barcelona. Ni wa miaka 4, bei yake inapita milioni 40 za euro, na kwa pesa hiyo maneno «R.D. Congo – Cœur d'Afrique» yanaandikwa mgongoni mwa nguo za mazoezi za wachezaji. Mbele ya hapo walikuwa wamekwisha kusikilizana na AS Monaco na AC Milan. Tuliambiwa ni juu ya utalii: wageni watajua inchi, watakuja, wataacha pesa, uchumi utakua, vijana watapata kazi.

Ku mitandao tuligawanyika siku ile ile. Kuna wenye walifurahi, juu walizoea kuona jina Congo kwa habari za vita na ebola tu, na sasa wanaliona mgongoni mwa mchezaji mkubwa. Kuna wenye walikasirika: pesa yote hiyo, na watu wetu wanalala chini ya shiti? Mimi siwacheki wa kwanza. Hamu ya kuona inchi yako ikitajwa kwa uzuri ni hamu ya haki, na mtu mwenye kukuambia usiwe nayo hakupendi. Lakini tukiacha mpira pembeni kidogo, kuna swali lenye waziri hakujibu. Mtu wa Barcelona aone jezi, apende, atake kuja. Anapitia wapi? Nani anamlinda? Na dola anayoacha inafika ku mfuko wa nani?

Tuanze na hesabu, juu wakubwa wetu hawaipendi.

Kitu chenye kinavuta wageni zaidi upande wetu ni gorila wa mlima. Dunia nzima wamebaki 1,063, na wote wanaishi ku inchi tatu: Congo, Rwanda na Uganda. Hakuna hata mmoja ndani ya zoo za Ulaya. Kibali cha kukaa nao saa moja kinauzwa dola 1,500 Rwanda toka 2017, dola 800 Uganda toka 2024, na kwetu Virunga dola 400. Sasa tuseme amani inarudi kesho asubuhi. Tuseme tuko na familia 10 za gorila zenye zimezoea watu, kila familia inatembelewa na watu 6 kwa siku, siku zote za mwaka, bila kukosa hata moja (na mwenye anajua mvua ya Rutshuru hapa anacheka). Ni watu 60 kwa siku, watu 21,900 kwa mwaka, dola 8,760,000. Barcelona peke yake inachukua zaidi ya milioni 10 za euro kwa mwaka. Yani gorila wote wa Virunga, wakifanya kazi bila konje, hawalipi jezi moja.

Watanijibu kwamba mtalii halipi kibali tu: analala, anakula, anakodi gari, ananunua kinyago. Ni kweli, na nitarudia hapo, juu hapo njo kwenye utamu wa utalii wenyewe. Lakini hata hesabu hii yangu ni ya ndoto. Gorila hao wako upande wa Jomba na Bukima, ndani ya Rutshuru. Bunagana ilianguka tarehe 13 mwezi wa sita 2022, na mbele mwaka ule uishe M23 ilikuwa inatawala sehemu hiyo yote. Mwezi wa kwanza 2025 ikachukua na Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Kwa hiyo wakati kalamu inagusa karatasi ya Barcelona, serikali ilikuwa inatangaza duka lenye haina ufunguo wake.

Wengine wanasema: mbona Rwanda walifanya vile vile? Walifanya, ndiyo. Jina lao liliingia ku mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018, halafu PSG mwaka 2019, halafu Bayern Munich. Lakini angalia utaratibu. Walifungua tena matembezi ya gorila mwaka 1999. Walipanga barabara ya kutoka Kigali mpaka Musanze, mtu anafika kwa masaa mawili hivi. Walijenga kampuni ya ndege. Mwaka 2005 waliweka sheria ya kugawa asilimia 5 ya mapato ya parke kwa vijiji vya jirani, na mwaka 2017 wakaipandisha asilimia 10. Mwezi wa kwanza 2018 wakaruhusu mtu wa inchi yoyote apate visa akifika tu. Arsenal ilikuja kisha hayo yote. Mwaka 2023 utalii wao uliingiza dola milioni 620. Sisi tumechukua ukurasa wa mwisho wa kitabu tukaanza kusomea pale.

Tusieleweke vibaya. Hatusifu utawala wa Kigali. Ripoti za wataalamu wa UNO zimeandika wazi namna jeshi la Rwanda linaunga mkono M23, na hakuna jezi yenye itafuta damu yenye ilimwagika Goma. Mwezi wa pili 2025 waziri wetu wa mambo ya inje aliandikia Arsenal, Bayern na PSG waache pesa hiyo, na alikuwa na haki. Lakini miezi michache baadaye tunafungua duka la aina ile ile, tena bila bidhaa. Kumchukia jirani hakukatazi kusoma daftari lake.

Na tena, si kila kitu jirani alituchukulia. Vingine tulivifukuza sisi wenyewe. Yule mama Dian Fossey, mwenye alifanya dunia nzima ipende gorila wa mlima, alianza kazi yake kwetu, pale Kabara, mwanzo wa mwaka 1967. Katikati ya mwaka, kwa fujo za wakati ule, wanajeshi wakamshusha mlimani. Alitoroka, na mwezi wa tisa wa mwaka ule ule akafungua kituo cha Karisoke upande wa Rwanda, kilometa chache tu kutoka hapo. Mlima ni ule ule. Vitabu, filme, pesa ya wafadhili, watalii, vyote vikafuata njia yake. Miaka inakaribia 60 sasa.

Uganda nao wana somo lao. Tarehe 1 mwezi wa tatu 1999, wauaji walitoka upande wa Congo wakaingia Bwindi, wakaua watalii 8. Ingekuwa kwetu, tungesema utalii umekufa na tungeandika mlango kwa milongo. Wao walipeleka jeshi la kulinda, wakafungua tena, na leo Bwindi njo inabeba sehemu kubwa ya utalii wao. Sisemi hivyo kusema ni kazi nyepesi. Nasema usalama si hali ya hewa yenye unangojea ibadilike. Ni kazi ya watu wenye wanalipwa kwa kodi yetu.

Turudi ku pesa, na ku ile njia ya mtalii.

Chukua mtalii wa miaka ya 2015 au 2016, wakati parke ilikuwa wazi na Nyiragongo ilikuwa inajaa. Anatua Kigali. Analala Kigali usiku mmoja. Anakodi gari na dereva mpaka Gisenyi, analala tena pale kando ya ziwa. Asubuhi anavuka Grande Barrière kwa miguu. Gari ya parke inamkamata, inamfikisha Kibati, anapanda mlima masaa manne, matano, sita kufuatana na magoti yake. Analala ku kibanda juu ya kinywa cha volkano, anaangalia ule moto wa chini usiku kucha, asubuhi anashuka. Jioni, mara mingi, amekwisha vuka tena.

Sasa gawanya pesa yake. Kwetu: kibali cha dola 300, mbeba mizigo, mpishi, labda bia moja na samaki moja pale Goma. Kwa jirani: tikiti ya ndege, usiku mbili ao tatu za oteli, gari, dereva, mafuta. Na hapo hakuna mtu alituibia. Ni kwamba hatukuwa na ndege yenye mgeni anakubali kupanda. Toka mwaka 2006 kampuni zote za ndege za Congo ziko ku orodha nyeusi ya Ulaya. Zote, si moja. Mtalii wa Barcelona mwenyewe, asiransi yake ikiona ndege yetu inakataa. Na akifika uwanja wa Kinshasa wakati wa kurudi, mbele ya kupanda ndege anaombwa Go Pass, dola 50, pesa yenye ilianzishwa ili kujenga viwanja vya ndege. Tuangalie viwanja vyetu, halafu tujiulize.

Bado ile michezo ya baryeri, mwenye amevuka na mgeni anaijua: ofisi ya kwanza inaangalia pasiporo, ofisi ya pili inaangalia karatasi ya chanjo, ya tatu inaangalia ile yenye ya pili imekwisha angalia, na kila meza iko na «kitu kidogo» chake. Mgeni halii juu ya dola 5. Analia juu hajui meza zitaisha saa ngapi. Akirudi kwao anaandika ku intaneti, na maneno yake yanasomwa na watu wengi kuliko mgongo wa mchezaji.

Hata hivyo, pamoja na hayo yote, ile pesa kidogo yenye ilibaki ilikuwa inafanya kazi nzuri. Hiyo njo sababu naandika, si kwa chuki ya utalii. Mbeba mizigo wa Kibati alikuwa anapanda asubuhi na kesho yake anashuka na pesa mkononi, bila diplome, bila kujuana na mkubwa, bila ndugu ku ofisi. Oteli ya Goma ilikuwa inanunua fromaji ya Masisi, viazi vya Kibumba, sambaza za Kituku. Fundi wa kushona alikuwa anauza kitenge, msanii alikuwa anauza picha. Dola moja ya mgeni inapita ku mikono mingi mbele ya kupotea, na mikono hiyo ni ya watu wenye hawana mkataba na mtu.

Linganisha na mashimo ya madini. Congo ni ya kwanza duniani kwa kobalti, na toka 2023 ni ya pili kwa shaba. Uchumi «unakua», takwimu zinapanda kila mwaka. Lakini uliza kijana wa Kolwezi ukuaji huo ulimpita saa ngapi, alikuwa amelala? Lori linapakia, linaenda, vumbi inabaki. Utalii hauwezi kupakiwa hivyo. Mlima hausafirishwi, mwenye kuutaka lazima aje alale kwetu na ale kwetu. Kwa kijana wa mji mwenye anatafuta kazi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko hotuba yoyote.

Tena ni biashara yenye inavunjika haraka. Mwezi wa tano 2018 watalii wawili Waingereza walikamatwa na watu wenye silaha njiani, na mlinzi wa parke, binti wa miaka 25, akauawa akiwalinda. Watalii waliachiliwa baada ya siku mbili. Parke ilifungwa mpaka mwezi wa pili 2019. Wale wabeba mizigo wa Kibati, walikula nini kwa miezi hiyo yote? Halafu mwezi wa tatu 2020 ikaja korona, parke ikafungwa tena, halafu vita. Mwenye anakuambia utalii peke yake utaokoa Kivu, mwombe kwanza akae miezi tisa bila mshahara.

Mimi naona tatizo kubwa liko hapa: tunataka kuuzia wageni safari ndani ya inchi yenye mwanainchi mwenyewe hawezi kusafiri.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua yenye ilitoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku. Si katikati ya ziwa, si usiku: mbele ya macho ya watu, karibu na kufika. Watu walipakiwa mashuani juu barabara ilikuwa imefungwa na vita, na mashua ilijaa kupita kiasi, na mwenye kazi ya kuizuia kuondoka hakuizuia. Wengi walikufa. Ziwa Kivu njo lile lile lenye linawekwa ku picha za kutangaza utalii, maji ya buluu, jua linazama. Kama hatuwezi kumfikisha mama wa Minova na magunia yake salama, nani anatuamini na mtoto wa mtu wa Ulaya? Na hata kama angetuamini, kwa nini yeye apate jile la kujiokolea mbele ya mama wa Minova?

Mlima pia. Nyiragongo ililipuka 1977, ikalipuka 2002 ikakata mji katikati, ikalipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mwaka ule wa mwisho zaidi ya watu 30 walikufa na vijiji vikafunikwa. Mbele ya mlipuko, ufadhili wa Banki ya Dunia ulikuwa umekwisha, na ofisi ya kuchunguza volkano, OVG ya Goma, ilikaa miezi bila intaneti ya kupata vipimo kutoka mlimani. Intaneti, wandugu. Tulikuwa tunauza kibali cha dola 300 kuangalia ndani ya mlima, na hatukuwa na pesa ya intaneti ya kusikia mlima unasema nini. Kila mtu mwenye alitembea kwa miguu mpaka Sake tarehe 27, na godoro kichwani, anajua bei ya intaneti hiyo.

Sasa parke yenyewe. Hapa lazima tuseme polepole, juu kati yetu hatusikilizani.

Virunga ilianzishwa 1925, wakati wa Mbelgiji, kwa jina la mfalme wake Albert. Ni parke ya kwanza ya Afrika, na 2025 ilitimiza miaka 100. Kilometa za mraba karibu 7,800. Kwa watu wa Rutshuru, wa Nyiragongo, wa Lubero, parke ni kitu chenye walikikuta kimekata mashamba ya babu zao bila kuwauliza. Wanasema: «Parke ni ya Wazungu.» Ukiwa mwanaharakati wa mji unaweza kuwajibu kwa maneno mazuri ya mazingira, lakini wewe hulimi. Na huku Goma, ile makala yenye unapikia sombe, sehemu kubwa inatoka ndani ya parke hiyo hiyo. Tunalia juu ya miti kwa simu, jioni tunaipika. Wakimbizi wa Kanyaruchinya walikata miti juu hawakuwa na kitu kingine cha kuota moto wala cha kuuza. Nani atawahukumu?

Kwa upande mwingine kuna walinzi. Zaidi ya 200 wamekufa kazini ndani ya Virunga. Tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa siku moja walinzi 12, dereva mmoja na raia 4. Wengi wa walinzi hao ni watoto wa vijiji vile vile vinavyozunguka parke. Mtu mwenye anasema parke ni ya Wazungu, aende aangalie makaburi, asome majina.

Kahuzi-Biega ni mbaya zaidi. Miaka ya 1970, parke ilipoundwa na kupanuliwa, Batwa walitolewa ndani ya msitu wao bila malipo, bila shamba lingine, bila kitu. Pale njo palianzia kabisa mambo ya kupeleka watalii kuangalia gorila waliozoea watu. Yani utalii wetu wa kwanza ulijengwa juu ya watu wenye walifukuzwa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi wake kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Uamuzi uko, umeandikwa. Serikali ingetaka kujionyesha kwa dunia, kuutimiza kungekuwa na bei rahisi kuliko Barcelona, na habari yake ingeenda mbali zaidi.

Kwa hiyo tunapodai fungu la vijiji, hatudai zawadi. Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya parke. Uganda inatoa asilimia 20 ya malipo ya kuingia, na dola 10 juu ya kila kibali cha gorila. Mtu wa Bwindi anajua namba hiyo kwa kichwa, anaweza kumuuliza shefu wake: iko wapi? Mtu wa Rugari anajua namba gani? Mradi unakuja, mradi unaenda, leo shule, kesho kisima, na shukrani kwa mfadhili. Virunga wamefanya mambo ya kuonekana, siwezi kukataa: santrali ya maji ya Matebe ilianza 2015 na umeme wake ulifika mpaka Goma, na kule Mutwanga kakao imekuwa shokola. Lakini mradi unategemea moyo wa mwenye kuutoa. Asilimia yenye iko ndani ya sheria, mwanainchi anaidai kichwa juu.

Na tusisahau sisi wenyewe. Ni wangapi kati yetu tulikua tunaona Nyiragongo ikiwaka kila usiku, nyekundu juu ya mji, na hatujawahi kufika hata Kibati? Tunafikiri mtalii lazima awe mweupe na awe na mfuko mgongoni. Lakini Amani Festival, toka 2014, ilijaza Goma kwa tikiti ya dola moja. Watu walitoka Bukavu, Beni, hata ng'ambo ya mpaka, moto zikafanya kazi, oteli zikajaa, wamama wakauza mishikaki mpaka usiku. Hakuna timu ya Ulaya ililipwa. Mgeni wa kwanza wa inchi ni mtu wa inchi: kijana wa Lubumbashi mwenye anataka kuona maporomoko ya Lofoi, mtu wa Bunia mwenye anataka kuona Wagenia wa Kisangani na mitego yao. Anakosa nini? Si hamu. Barabara hakuna, ndege bei yake ni ya kwenda Dubai, na njiani kila kizuizi kinamwomba kitambulisho kama mgeni kwao.

Tena serikali ichague inataka nini. Mwezi wa saba 2022 ilitangaza kuuza vitalu vya petroli, vingine ndani ya Virunga yenyewe. Kelele zikapigwa, na sisi tulikuwa ndani, mwezi wa kumi 2024 ikafuta mnada ule. Mwaka 2025 ikafungua vitalu vingine 52 ndani ya misitu ya Cuvette Centrale, mwaka ule ule ilipotangaza hifadhi kubwa ya Korido ya Kijani. Na mkataba wa Washington wa tarehe 27 mwezi wa sita 2025, kati ya mambo ya ushirikiano wa uchumi na Rwanda, unataja hata usimamizi wa parke za kitaifa. Usimamizi gani? Pesa ya gorila mwenye anavuka mpaka itahesabiwa namna gani? Mtu wa Jomba aliulizwa lini? Hayo njo mambo yenye yataamua kama watoto wetu watapata kazi ndani ya utalii, kuliko mgongo wa mchezaji yeyote.

Mkutano wa bunge wa bajeti unafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tisa. Tunaomba kila mmoja wetu aandikie mbunge wake, kwa WhatsApp, kwa barua, kwa mlango wake akirudi mtaani, na maswali haya tu: mkataba wa Barcelona, wa Milan na wa Monaco uko wapi, kurasa zote? Pesa yake imeandikwa ku mstari gani wa bajeti? OVG imepewa ngapi? Na sheria ya kugawa mapato ya parke kwa vijiji, asilimia ngapi, ataileta yeye ao tungoje mwingine? Jibu atakalokupa, tutumie. Tutaliweka hapa kama lilivyo, na jina lake mbele. Na akikaa kimya, tutaandika jina na tarehe.